Shajara ya mradi: kutafuta laptopu ya kuchorea ramani

Siku ya 1

Leo mchoro wa jengo la ghorofa nne umeganda mara tatu kabla ya saa sita mchana. Programu haikujifunga. Inasimama sekunde sita, saba, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, nami nimeshika kipanya katikati ya ukuta nasubiri. Kwa anayechora, sekunde saba ni nyingi. Mstari uliokuwa kichwani umeshapotea, unaanza kujiuliza ulikuwa unapima kutoka ukuta upi. Nimeamua kutafuta mashine nyingine, na kila hatua nitaiandika humu.

Ninayotumia sasa ni ya inchi 15.6, prosesa Core i5-8250U, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 8 kwenye kijiti kimoja, grafiki ya ndani ya prosesa, na SSD niliyoiweka mwenyewe baada ya kuchoshwa na diski ya kuzunguka. Kazi yangu ni ramani za nyumba na majengo ya ghorofa chache, karibu zote 2D, kwenye programu ya kuchorea ya AutoCAD. Mara mojamoja napokea modeli ya 3D nikaizungusha nione paa linavyokaa, basi.

Sheria niliyojiwekea: sitazami mashine yoyote inayouzwa mpaka nijue hii yangu inashindwa wapi hasa. Mara iliyopita nilinunua kwa kusoma stika zilizobandikwa kando ya kibodi, nikauziwa mbuzi kwenye gunia.

Siku ya 2

Nimefungua pembeni Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha prosesa inafanya kazi kiasi gani, nikazirudia zile kazi zinazoganda, moja baada ya nyingine: kufungua faili kuu lenye michoro sita ya rejea (michoro mingine iliyounganishwa nalo), kujaza hachi (mistari ya kufunika eneo) kwenye sakafu nzima, TRIM (amri ya kukata mistari) pale ngazi zinapokutana na korido, na OVERKILL (amri ya kufuta mistari iliyolaliana). Kila ilipoganda nilitazama namba ya prosesa. Haikuwahi kupita asilimia 15. Mara nyingi ilisimama kwenye 13.

Hiyo 13 ilinisumbua asubuhi nzima. Mashine inaonekana imekaa bure, na mimi nimekwama. Kisha nikapiga hesabu. i5-8250U ina viini 4, kila kiini kinabeba nyuzi 2 za kazi, jumla 8. Mia gawanya kwa nane ni 12.5. Kumbe ile 13 ni uzi mmoja unaofanya kazi mpaka mwisho wa nguvu zake, na saba nyingine hazina la kufanya. Windows huuhamisha uzi huo kutoka kiini hadi kiini, kwa hiyo hata ukifungua grafu ya kila kiini unaweza usione hata kimoja kilichojaa. Ndiyo maana watu wengi hutazama pale wakasema prosesa haina tatizo, wakaenda kununua kadi ya grafiki.

AutoCAD ilitoka Desemba 1982, enzi ambazo kompyuta ya mezani ilikuwa na prosesa ya kiini kimoja, na mpaka leo amri zake nyingi hupangwa foleni. Kwa sehemu kubwa kazi yenyewe ndivyo ilivyo: huwezi kukata mstari wa pili kwa ule wa kwanza kabla hujajua wa kwanza umeishia wapi. Zipo kazi zinazogawanyika kwenye viini vingi, kama REGEN (kukokotoa upya mchoro wote) na kutengeneza picha za renda, zile zinazofanana na picha halisi. Lakini siku yangu haijai renda. Imejaa TRIM, COPY (kunakili) na OFFSET (kuchora mstari sambamba).

Nimeandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani: KIINI KIMOJA CHENYE MBIO. Idadi ya viini inakuja baadaye.

Siku ya 4

Kabla ya kuilaumu mashine zaidi, nimelikagua faili lenyewe. Lina MB 38 kwa jengo la ghorofa nne, na hilo pekee lingetosha kunishtua mapema. Limepita mikononi mwa watu watano, kila mmoja alibandika bloku (alama zilizochorwa tayari) kutoka michoro yake ya zamani na kuacha leya (tabaka za mchoro) zake humo.

Nilichofanya: nakala kwanza, kisha AUDIT kurekebisha makosa, PURGE kuondoa bloku na leya zisizotumika, halafu -PURGE yenye kistari mbele na kuchagua Regapps, maana usajili wa programu za nje hauondoki kwa dirisha la kawaida. Baada ya hapo -SCALELISTEDIT na Reset, kwa kuwa orodha ya skeli za mchoro ilikuwa imejaa majina yaliyojirudia yaliyoingia na michoro ya rejea. Mwisho OVERKILL, iliyofuta mistari iliyolaliana. Kuna kuta zilizokuwa na mistari minne mahali pa mmoja.

Faili limebaki MB 11. Kulifungua kulikuwa dakika moja na sekunde 52, sasa ni sekunde 48. Nimejisikia vibaya kwa miezi yote niliyokaa na mzigo ule. Anayetafuta laptopu kwa sababu mchoro wake mmoja ni mzito, namwomba afanye hivi kwanza, kwa sababu mashine mpya ingebeba uchafu uleule kwa haraka kidogo tu.

Ila sekunde 48 bado ni nyingi, na TRIM bado inakwama. Mradi unaendelea.

Siku ya 6

Nimejaribu RAM. Mwenzangu ofisini alikuwa na kijiti cha GB 8 cha DDR4 kilichobaki baada ya kuongeza chake, nimekiazima.

Sababu ya kukitaka si ujazo peke yake. Nilikuwa nasoma mahitaji ya AutoCAD ya matoleo ya karibuni: RAM ya GB 8 kuwa kiwango cha chini na GB 32 kupendekezwa, prosesa ya GHz 2.5 kwenda juu kama kasi ya msingi, na inayopendekezwa GHz 3 na zaidi ikiweza kupanda hadi 4 na zaidi. Yangu kasi yake ya msingi ni GHz 1.6. Halafu kwenye grafiki kuna mstari ambao watu huuruka: kumbukumbu ya GB 2 yenye uwezo wa kupitisha GB 29 kwa sekunde, huo ukiwa mwanzo tu. Grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inakopa RAM. Kijiti kimoja cha DDR4 chenye kasi ya 2400 kinapitisha GB 19.2 kwa sekunde. Viwili vikifanya kazi sambamba vinapitisha 38.4. Maana yake kijiti kimoja kilikuwa kinaniweka chini ya mstari, na cha pili kinanivusha.

Matokeo: kuvuta na kusogeza mchoro kwa gurudumu la kipanya kumelainika, naliona hilo bila kupima. Kufungua faili ni sekunde 45 badala ya 48. TRIM haijabadilika hata kidogo, kama nilivyotarajia baada ya Siku ya 2.

Kwa laptopu mpya nimeongeza masharti mawili: vijiti viwili tangu mwanzo au nafasi iliyo wazi ya kuongeza cha pili, na RAM isiwe imeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao. Iliyounganishwa ikikuzidia huna la kufanya.

Siku ya 9

Majina ya prosesa yamenichukua siku mbili nzima. Nayaandika hapa ili nisirudi tena huko.

Namba kubwa ya familia, ile i5, i7, Ryzen 7, haisemi mengi kama watu wanavyodhani. Kinachosema zaidi ni kizazi na herufi ya mwisho. U ni ya mashine nyembamba, huwa inapangiwa kuzunguka wati 15. H iko kwenye wati 45. HX iko juu zaidi ya hapo, na inakuja na mwili mnene na chaja nzito. Kwa AMD, watengenezaji wa Ryzen, kuna pia HS, katikati.

Sasa linalochanganya: Core i7-1355U ina kasi ya kilele ya GHz 5.0. Core i7-13700H nayo ni GHz 5.0. Kwenye karatasi, kwa kiini kimoja, ni sawa. Tofauti ni muda gani kila moja inaweza kukaa kileleni kabla ya kupungua kwa sababu ya joto na wati. Kuchora si mbio za sekunde kumi, ni saa nane. Kwa hiyo kasi ya kilele naichukulia kama ahadi, na ahadi hiyo itabidi niipime.

Kwa AMD nimejifunza kutazama tarakimu ya tatu kwenye mfululizo wa 7000. Ryzen 7 7730U na Ryzen 7 7840U zinafanana kwa jina kama ndugu wa tumbo moja, lakini ya kwanza ni ubunifu wa Zen 3 na ya pili ni Zen 4 (Zen ni jina la ubunifu wa ndani wa prosesa, na namba kubwa ni mpya zaidi). Ryzen 5 7520U ni Zen 2, yaani ya zamani zaidi ndani ya koti jipya. Muuzaji akisema "hii ni Ryzen ya mfululizo wa 7000", swali langu linalofuata ni tarakimu ya tatu ni ngapi.

Siku ya 12

Leo mimi na mwenzangu tumebishana kuhusu kadi ya grafiki mpaka chai ikapoa, na nadhani sote tulikuwa sahihi.

Yeye anatengeneza modeli kwenye Revit, kisha anaipeleka Enscape au Twinmotion ili mteja atembee ndani ya jengo kabla halijajengwa. Kwake kadi ndiyo kila kitu: kila kivuli na kila mwakisi wa dirisha unapigiwa hesabu papo hapo na kadi. Akitumia grafiki ya ndani mteja anaona picha zinazorukaruka.

"Wewe unajinyima," aliniambia. "Utanunua bila kadi ya maana, mwakani ukitaka 3D utaanza upya."

Nikamwambia mistari ya 2D haihitaji kadi ya GB 8. Inahitaji kadi inayotambuliwa vizuri na programu, yenye draiva (programu inayoiendesha kadi) imara, basi. Amekubali nusu, na mimi nimekubali nusu: nitatafuta yenye kadi ndogo inayojitegemea, kwa ajili ya skrini ya pili na zile modeli za 3D ninazopokea, lakini sitaacha prosesa au skrini kwa ajili yake.

Alinifundisha jambo moja ambalo sikulijua. Kadi za laptopu zenye jina moja haziko sawa. RTX 4060 ya laptopu inaweza kupewa wati 35 na mtengenezaji mmoja, na 115 na mwingine, na jina kwenye stika ni lilelile. Ile ya wati 35 kwenye mwili mwembamba haiwezi kufuatana na ya 115. Idadi ya wati inatafutwa ndani ya maelezo ya mtengenezaji, na kama haijaandikwa, mnunuzi aiulize kabla ya kulipa.

Kuhusu kadi za kitaalamu, zile za RTX A zilizochukua nafasi ya jina Quadro: faida yake kubwa ni kwamba wenye programu wamezijaribu pamoja na draiva zake. Kwa anayechora vipuri kwenye SolidWorks hilo lina uzito, kuna orodha ya kadi na draiva zilizopitishwa, na mtindo wa kuonyesha wa RealView unategemea kadi iliyo kwenye orodha. Kwa ramani za 2D, si sababu ya kulipia zaidi.

Siku ya 13

Fupi. Mfumo endeshi: Revit na SolidWorks ni za Windows tu. AutoCAD ya Mac ipo, na tangu toleo la 2024 inaendeshwa moja kwa moja kwenye prosesa za Apple, lakini ofisi yetu inabadilishana mafaili na nyongeza za Windows kila siku. Laptopu za Windows zenye prosesa za ARM, zile zinazosifiwa kwa betri, nimezifuta: AutoCAD ya Windows haikubali prosesa hizo rasmi. Nimebaki na Intel au AMD.

Siku ya 16

Skrini. Hapa nitakaa kidogo, maana macho hayana kijiti cha kuongeza.

Nimechukua rula. Karatasi ya A1 ina urefu wa mm 841 na kimo cha mm 594. Maandishi ya vipimo tunayaandika kwa mm 2.5. Nikiionyesha karatasi nzima kwenye skrini yenye pikseli (nukta za picha) 1080 kwa kimo, kila milimita inapata pikseli 1.8, na maandishi yangu yanakuwa na kimo cha pikseli nne na nusu. Kwenye skrini ya 1200 ni pikseli tano. Kwenye ya 1600 ni karibu saba. Na hapo sijatoa utepe wa amri juu na mstari wa hali chini. Pikseli nne na nusu ni vumbi tu, na tano ni vumbi lenye umbo. Saba unaanza kutofautisha 3 na 8.

Tena si pikseli tu. Skrini ya inchi 14 yenye pikseli 1920 kwa 1200 ina idadi ileile ya pikseli kama ya inchi 16, ila zimebanwa, na alama ndogo kwenye utepe zinakuwa ndogo zaidi. Nimetumia ya inchi 14 ya rafiki kwa siku nzima na kufika jioni nilikuwa nimeinamia meza. Uwiano wa 16:10 unanipa mistari 120 zaidi ya ule wa 16:9 kwa upana uleule, na mistari hiyo ndiyo inayobeba utepe wa amri bila kula mchoro.

Nimekwenda na laptopu mbili za kuazima kwa mzee aliyenifundisha kuchora kwa rula ya T na kalamu ya wino. Sikumwambia chochote kuhusu pikseli.

"Mzee, nakuomba uniangalizie hizi mbili, ipi utafanyia kazi."

Hakuangalia mchoro. Alizigeuza zote mbili kuelekea dirishani. Moja ikawa kioo, nikajiona usoni mwangu na mti ulioko nje. Nyingine, isiyong'aa, ilibaki na mistari yake.

"Hii," alisema. "Ile nyingine, mwanangu, utachora uso wako."

Sharti limeingia: skrini isiyong'aa, aina ya IPS ili rangi za leya zisibadilike ukiinamisha kichwa. Leya zetu za maji na umeme ni kijani na samawati zinazokaribiana, na kwenye skrini duni nilishawahi kuzichanganya.

Siku ya 17

Kibodi. Naandika @3600<90 (urefu wa 3600 kwa pembe ya digrii 90) na ndugu zake mara mia kadhaa kwa siku. Kibodi bila safu ya namba upande wa kulia inanilazimisha kunyoosha vidole kwenye safu ya juu kila kipimo, na kasi yangu inashuka. Kila laptopu isiyo na safu ya namba nimeikata kwenye orodha. Wengine hununua kibodi ndogo ya namba ya pembeni, na ni suluhisho zuri mezani, ila mimi nachora pia nikiwa eneo la ujenzi, laptopu iko juu ya boneti au tofali.

Kipanya chenye gurudumu linalobonyezeka vizuri nimeshakuwa nacho. Hakuna laptopu yenye padi inayoweza kuchukua nafasi yake.

Siku ya 21

Siku tatu za kupima. Mashine zilikuwa tatu: A ni nyembamba ya inchi 14 yenye i7-1355U, RAM ya GB 16 iliyounganishwa kwenye ubao. B ni ya michezo, inchi 15.6, Ryzen 7 7840HS na RTX 4060. C imetumika, ni ya kundi la kazi nzito, inchi 16, i7-12700H, RTX A1000 ya GB 4, skrini 1920 kwa 1200 isiyong'aa, safu ya namba ipo, nafasi mbili za RAM.

A na B ni za rafiki na mwenzangu, za kulinganishia tu, na tayari zilikuwa na AutoCAD. C inauzwa, na muuzaji alikubali nikae nayo mchana mmoja.

Nilitengeneza faili dogo la skripti, lenye ugani wa .scr, linalofungua nakala ya mchoro wangu, linafanya OVERKILL, linajaza hachi, linafunga bila kuhifadhi, kisha linaanza upya. Faida ya skripti ni kwamba haiongezi kasi kwa sababu inapenda mashine fulani. Mkono wa mtu huongeza.

Mzunguko wa kwanza: A sekunde 31, B sekunde 27, C sekunde 29. Laptopu yangu ya zamani, 74. Kwa hiyo kwa pumzi ya kwanza zote tatu ni karibu sawa, hata ile nyembamba, kama GHz 5.0 yake ilivyoahidi.

Nikaacha skripti izunguke kwa dakika 40. Mzunguko wa mwisho: A sekunde 43, B 27, C 30. A ilikuwa imechemka mpaka sehemu ya juu ya kibodi haigusiki, na HWiNFO, programu ya kupima joto na kasi, ilionyesha kasi ikishuka kila baada ya dakika chache ili joto lisipite kiwango. Ile ahadi ya Siku ya 9 imepimwa, na A imeshindwa kuishikilia.

Kisha nikachomoa chaja. B, iliyokuwa ya kwanza, ilianguka hadi sekunde 40, C hadi 36. Hilo linanigusa moja kwa moja, kwa kuwa eneo la ujenzi hakuna soketi. Tena chaja ya B inashindana uzito na tofali.

B ina skrini ya 1920 kwa 1080, yenye kasi ya kuonyesha ya Hz 144. Kasi hiyo ni nzuri kwa mchezo. Mchoro wa nyumba hausogei.

Mwenzangu amebaki na B yake kwa furaha, na kwa kazi yake ni mashine sahihi kabisa. Ningekuwa nafanya anachofanya, ningeichukua bila kufikiri mara mbili.

Siku ya 23

C imetumika, kwa hiyo leo ilikuwa ukaguzi, na nimekagua kama fundi anayekagua nguzo.

Betri: amri ya powercfg /batteryreport inatoa ripoti yenye ujazo wa betri ilipotoka kiwandani na ujazo inaoweza kushika sasa. Hii inashika asilimia 81. Nimekubali. SSD: programu ya CrystalDiskInfo imeonyesha afya nzuri na saa za kutumika zinazoendana na umri. Bawaba za skrini hazichezi. Feni zote mbili zinavuma bila kukwaruza. Niliingia kwenye mipangilio ya BIOS, programu ya ndani inayoiwasha mashine, kuhakikisha haina nywila iliyoachwa na ofisi ya mwanzo. Laptopu nyingi za aina hii zimetoka makampuni makubwa, na nywila hiyo ikibaki, umenunua mali yenye mwenyewe mwingine.

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine iliyotumika lazima ikubali Windows 11, na kwa Intel hiyo maana yake ni kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, sehemu ya usalama ndani ya mashine. C ni kizazi cha 12, haina shida. Lakini leo nimeona pale pale mashine za kizazi cha 6 na 7 zinasifiwa kuwa "za wachoraji" kwa sababu zina kadi ya Quadro. Nimesikitika, kwa sababu kijana anayeanza kazi angezichukua kwa imani.

Nilikuta kasoro moja: muuzaji aliandika RAM ya GB 32, ndani kulikuwa na kijiti kimoja cha 16. Nilifungua kifuniko mwenyewe mbele yake. Amepunguza bei, na tumekubaliana.

Siku ya 24

Nimechukua C.

Siku ya 26

Nimesakinisha kila kitu upya, Windows safi, AutoCAD, fonti za ofisi, faili za mipangilio ya kalamu. Nikafungua modeli ya 3D ya paa kuizungusha na ikawa inakwamakwama kama ya zamani. Nusu saa nzima nilikuwa naamini nimekosea.

Tatizo: laptopu hii ina grafiki mbili, ya ndani na ya RTX, na Windows ilikuwa imeipa AutoCAD ile ya ndani ili kuokoa betri. Amri ya GRAPHICSCONFIG inaonyesha jina la kadi inayotumika, na jina lililokuwa pale ni la Intel. Nimeingia kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya skrini, kisha grafiki, nikaichagua AutoCAD na kuipa utendaji wa juu. Nimefungua upya, jina limebadilika, paa linazunguka kama sahani.

Yeyote atakayenunua laptopu yenye kadi mbili aanze na amri hiyo kabla hajailaumu mashine.

Siku ya 33

Kijiti cha pili cha GB 16 kimefika, DDR5 ya 4800 kama cha kwanza. Kimoja kilikuwa kinapitisha GB 38.4 kwa sekunde, sasa viwili vinapitisha 76.8. Kwa kuwa AutoCAD iko kwenye kadi ya RTX sasa, faida kwa mchoro ni ndogo kuliko kwenye laptopu ya zamani. Ila sasa nafungua michoro ya miundo, ya maji na ya umeme pamoja, kivinjari kikiwa wazi na PDF za wahandisi pembeni, na hakuna kinachosukumwa kwenye diski.

TRIM kwenye ngazi haikwami. Nimeijaribu makusudi mara tano.

Mchoro wa ghorofa nne umetoka jioni hii, karatasi 14 za A1, na faili likiwa na MB 11. Kijiti cha mwenzangu nimemrudishia. Cha zamani changu nimekiongezea mwenza wake, na ile laptopu ya i5 sasa anayo kijana anayejifunza kuchora hapa ofisini. Kesho asubuhi namwonyesha PURGE.